Mtoto Akoromaye Kila Usiku: Jinsi Koo Lililobanwa Linavyodhuru Moyo na Mapafu

Katika nyumba nyingi za Likoni, Kisauni na Changamwe, ambamo wazazi na watoto hulala chumba kimoja, hakuna asiyejua ni nani akoromaye. Baba akikoroma watu huvumilia. Mtoto mdogo akikoroma watu hucheka, na bibi yake husema kwamba amerithi usingizi wa babu yake. Kicheko hicho si kibaya, maana watoto wengi hukoroma siku mbili tatu wanaposhikwa na mafua, na mafua yakiisha mkoromo nao huisha. Lakini yuko mtoto mwingine ambaye hukoroma kila usiku, mwezi baada ya mwezi, awe na mafua asiwe nayo. Katikati ya mkoromo hunyamaza ghafula, kifua kikiendelea kuhangaika bila sauti. Kisha hushtuka, huvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyezuka kutoka majini, na kuanza kukoroma tena. Mtoto wa namna hii hapumziki. Hufanya kazi usiku kucha, na kiungo kinachobeba mzigo huo bila kuonekana ni moyo wake.

Wazazi wengi hawajapata kuelezwa jambo hili, wala si ajabu, kwa kuwa koo na moyo huonekana kuwa vitu viwili visivyohusiana. Kwa hiyo yafaa kutazama kwanza jinsi hewa inavyopita.

NJIA YA PUMZI

Hewa huingia puani, hupita nyuma ya pua, hushuka kooni, huingia katika zoloto, na kutoka hapo hufuata bomba la pumzi mpaka mapafuni. Katika sehemu ya juu ya njia hiyo mna tezi ambazo kazi yake ni kuulinda mwili na vijidudu vinavyoingia kwa pumzi na kwa chakula. Mbili ziko kando ya koo, kulia na kushoto, nazo huonekana mtoto apanuapo kinywa; zikivimba watu husema mtoto ana mafindofindo. Nyingine iko juu zaidi, nyuma ya pua, mahali ambapo jicho halifiki, nayo ikikua kupita kiasi watu huiita nyama za pua. Katika umri wa miaka 2 hata 8 tezi hizi huwa kubwa sana kwa kulinganishwa na nafasi ya koo, na baadaye huanza kunywea zenyewe. Ndiyo sababu taabu hii huwapata zaidi watoto wa umri huo.

Mchana, mtoto akiwa macho, misuli ya koo huishikilia njia ikabaki wazi. Usiku misuli hulegea. Mtu aliyepata kunywa maji ya dafu kwa bua la jani la mpapai ataelewa mara moja yanayotokea. Bua likiwa gumu, maji hupanda vizuri. Likiwa limenyauka, kadiri mtu avutavyo kwa nguvu ndivyo kuta zake zinavyoshikana, hata maji yasipite kabisa. Koo lenye tezi kubwa hujibana vivyo hivyo. Mtoto huvuta, njia hujifunga, hewa haipiti. Damu yake hupungukiwa na oksijeni, na hewa chafu ambayo ingetolewa nje hujikusanya mwilini. Hapo ubongo hupiga mbiu, mtoto huzinduka nusu, misuli hukaza, njia hufunguka. Baada ya dakika chache mambo hayo huanza upya, nayo huweza kurudiwa mara nyingi sana kabla ya kupambazuka, ingawa asubuhi mtoto hana kumbukumbu ya lolote.

MOYO UNAVYOINGIA TAABUNI

Moyo una pande mbili. Upande wa kushoto husukuma damu katika mwili wote, nao una kuta nene. Upande wa kulia husukuma damu mapafuni tu, ambako njia ni fupi na mishipa ni milegevu, basi kuta zake ni nyembamba. Sasa mapafu yana desturi moja ya busara. Sehemu ya pafu isiyopata hewa, mishipa yake hujikaza ili damu isipite huko bure, bali iende penye hewa. Pafu moja likijaa kohozi, desturi hii humfaa mgonjwa. Lakini koo likizibwa, hewa hupungua katika mapafu yote mawili kwa wakati mmoja, na mishipa yote hujikaza pamoja. Damu haina pengine pa kupitia. Upande wa kulia wa moyo, ulioumbwa kwa kazi nyepesi, hulazimika kuisukuma katika mishipa iliyobanwa.

Wakazi wa Likoni wamewaona mahamali wakisukuma mikokoteni kutoka kwenye feri wakati maji yamekupwa, mwinuko unapokuwa mkali kuliko wakati wa maji kujaa. Mtu mwenye nguvu hufika juu. Lakini alazimishwe kupanda mwinuko huo usiku kucha, kila usiku, kwa mwaka mzima: kwanza misuli yake itanenepa, kisha siku moja itashindwa. Moyo wa mtoto hufuata mwendo huo huo. Kuta za upande wa kulia huwa nene, chumba chake hutanuka, na mwisho damu irudiyo kutoka mwilini haipokewi upesi, ikasimama njiani. Mishipa ya shingo huvimba, ini hukua hata likapapaswa chini ya mbavu, miguu na uso hujaa maji. Mzazi aonapo uvimbe huo hufikiri figo, au utapiamlo, au jicho la watu. Koo halimjii akilini.

Mapafu nayo hayasalimiki. Mtoto anayevuta hewa kwa nguvu penye njia iliyofungwa huvuta pia mate na makamasi kuelekea mapafuni, naye hupatwa na kikohozi na homa ya mapafu mara kwa mara. Mbavu za mtoto mdogo bado ni laini. Zikivutwa ndani kila usiku, kifua chake huweza kubonyea katikati. Tena mvuto huo mkali waweza kunyonya maji kutoka katika mishipa ya damu na kuyaingiza ndani ya mapafu yenyewe. Jambo hili la mwisho hutokea hasa njia iliyozibwa kabisa inapofunguliwa kwa ghafula, na ni sababu mojawapo ya madaktari kumwangalia mtoto kwa makini baada ya kumwondolea kizuizi.

Haifai kuwatia watu hofu isiyo na msingi. Watoto wakoromao ni wengi, nao wanaofikia hatua ya moyo kushindwa ni wachache. Lakini wachache hao hufika hospitalini wakiwa wamechelewa, na wangaliweza kuonekana mapema na mtu yeyote aliyelala nao chumba kimoja.

YALIYOGUNDULIWA

Daktari Wilhelm Meyer wa mji wa Copenhagen, nchini Denmark, ndiye aliyeeleza habari za nyama za pua mwaka 1868, baada ya kuwatazama watu waliopumua kwa kinywa na kusikia kwa shida. Madhara kwa moyo yalichukua karibu miaka mia kufahamika. Mwaka 1965 Bibi Daktari Jacqueline Noonan wa Marekani, bingwa wa moyo wa watoto, aliandika habari za watoto wawili ambao mioyo yao ilikuwa imeshindwa, wala ugonjwa haukutoka ndani ya moyo. Tezi zao za koo na za nyuma ya pua zilikuwa zimekua mno. Zilipoondolewa, moyo ulirudi katika hali yake. Madaktari wengine wa nchi hiyo hiyo walieleza jambo kama hilo mwaka huo huo. Maradhi mengi ya moyo hayana dawa ya kuyafuta. Haya yana dawa, tena dawa yenyewe haiko moyoni, iko kooni. Mradi mtoto apelekwe kabla mishipa ya mapafu haijawa migumu kabisa.

DALILI ZA MCHANA NA ZA USIKU

Usiku mzazi na asikilize kwa nusu saa mtoto akiwa usingizini barabara. Asikilize kama mkoromo unakatika. Atazame kama shimo la chini ya koo na ngozi ya katikati ya mbavu huingia ndani kila avutapo pumzi, kama hulala ameinua kidevu au amekaa kitako, kama hutokwa jasho jingi hata usiku wa kusi ambapo wengine wanajifunika. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, huenda sababu ikawa hii.

Mchana dalili hufichika zaidi. Mtu mzima asiyelala vizuri husinzia. Mtoto asiyelala vizuri mara nyingi huwa mtundu, mwenye hasira, asiyetulia kwa jambo lolote, na mwalimu humwadhibu kwa kosa ambalo si lake. Wengine husinzia darasani. Kinywa huwa wazi daima, sauti ni ya puani, chakula humezwa kwa shida, na mtoto haongezeki uzito, kwa kuwa nguvu anayoipata kwa kula huimaliza kwa kupumua. Simu iliyo mfukoni mwa mzazi ni msaada mkubwa hapa. Picha ya dakika mbili ya mtoto akiwa amelala humweleza daktari mambo ambayo mtoto mwenyewe, akiwa macho mbele yake asubuhi, hawezi kuyaonyesha.

HABARI YA KIMEO

Pwani, kama katika sehemu nyingi za Tanzania na nchi nyingine za Afrika, mtoto anayekohoa sana, anayetapika au asiyenenepa hupelekwa kwa mkata kimeo. Hoja yao ni kwamba kimeo kimerefuka na kinagusa koo. Wanaofanya hivi si wazazi wabaya. Wameona kweli kwamba taabu iko kooni, na katika hilo wako karibu na ukweli kuliko wale wanaocheka. Wamekosea mahali tu. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia katikati. Huvimba na kuonekana kirefu kwa sababu koo lote limewaka, na koo likipoa nacho hurudi. Tezi zinazoziba njia ziko kando yake na juu yake, na kisu cha mkata kimeo hakizigusi. Mtoto hurudi nyumbani na jeraha, na mkoromo uko pale pale.

Madhara ya jeraha hilo yameandikwa sana katika hospitali za Afrika ya Mashariki: damu isiyokatika, kidonda kuoza, pepopunda, na maambukizo yanayoletwa na chombo kilichotumika kwa mtu mwingine. Jeraha lenyewe likivimba huziba njia iliyokwisha kuwa nyembamba, yaani mtoto aliyepelekwa kwa sababu ya pumzi hukosa pumzi.

WATOTO WA KUANGALIWA ZAIDI

Wako watoto ambao kwao mkoromo haufai kungojewa hata kidogo. Wa kwanza ni wenye ugonjwa wa seli mundu, ambao ni wengi katika nchi za Pwani kwa kuwa malaria imekuwako huku tangu zamani. Tezi zao hukua mara kwa mara, na oksijeni ikipungua usiku chembe za damu yao hujikunja na kuziba mishipa. Maumivu ya mifupa yajayo alfajiri yaweza kuwa yameanzia kooni. Kadhalika watoto waliozaliwa na ugonjwa wa Down, ambao ulimi wao ni mkubwa na misuli yao ni milegevu. Watoto wanene kupita kiasi. Na watoto wenye kidevu kidogo kilichorudi nyuma.

Moshi nao huongeza uvimbe wa pua na koo. Jiko la makaa ndani ya chumba, sigara za baba, dawa ya mbu ya kuwasha usiku kucha, na vumbi na moshi wa malori katika barabara za Changamwe, vyote humfikia mtoto yule yule. Chandarua humfaa kuliko dawa ya kuwasha.

KOO KUZIBWA KWA GHAFULA

Yaliyotangulia ni ya polepole. Yako pia ya saa moja. Zamani dondakoo liliwaziba watoto koo kwa utando wa kijivu, na wale waliopona utando huo wengine walikufa baada ya siku kadhaa, kwa kuwa sumu ya vijidudu hivyo huudhuru msuli wa moyo. Chanjo yake nchini Kenya hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Tangu mwaka 2001 sindano hiyo hiyo hukinga pia vijidudu vya Hib, ambavyo huweza kuvimbisha kifuniko cha zoloto na kumkaba mtoto kwa muda wa saa chache. Mtoto anayetoa mate, anayekaa ameinama mbele, na ambaye pumzi yake inapiga filimbi avutapo, asilazwe chali wala asitiwe kijiko kinywani. Apakatwe na kupelekwa hospitalini upesi.

Kisha kuna mabuyu na njugu. Mtoto wa chini ya miaka mitano hana magego ya kutosha, naye akichekeshwa huku mbegu imo kinywani, huivuta ndani. Mtoto asiyeweza kulia wala kukohoa apigwe mara tano kwa kiganja katikati ya mabega, kichwa kikiwa chini. Isipotoka, mchanga wa chini ya mwaka mmoja ageuzwe na kubonyezwa kifuani mara tano kwa vidole viwili. Aliyezidi mwaka akumbatiwe kwa nyuma na kubinywa tumbo, juu ya kitovu, kwa kuvuta ndani na juu. Kidole kisiingizwe kooni kutafuta kitu kisichoonekana, maana hukisukuma mbali zaidi. Pengine mtoto hukohoa sana, kisha hutulia, watu wakasahau. Baada ya wiki kadhaa huja na homa na kikohozi cha pafu moja, akatibiwa pumu au kifua kikuu. Mzazi akumbukapo ile mbegu amwambie daktari.

MATIBABU

Mkaazi wa Likoni aanzie hospitali ya Likoni, wa Changamwe Port Reitz, na wa Kisauni kituo cha afya kilicho karibu. Huko mtoto hutazamwa koo, husikilizwa moyo, na hupimwa oksijeni kwa chombo kidogo kinachobanwa kidoleni, ambacho hakichomi. Mwenye dalili hutumwa kisiwani, katika Hospitali Kuu ya Pwani, kwa madaktari wa masikio, pua na koo. Kwa watu wa Likoni kivuko hakina malipo kwa waendao kwa miguu. Huko moyo waweza kupigwa picha kwa mawimbi ya sauti ili kujua kama upande wa kulia umetanuka.

Si kila mtoto hupasuliwa. Mwaka 2013 madaktari wa Marekani walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watoto 464 wa miaka 5 hata 9 ambao usingizi wao ulikatwa na kukosa pumzi, lakini hawakuwa katika hali mbaya sana. Nusu waliondolewa tezi mapema, nusu waliangaliwa tu. Baada ya miezi saba, katika kila 100 waliopasuliwa, 79 walipumua sawasawa usingizini. Katika kila 100 walioangaliwa, 46. Kwa hiyo wa hali nyepesi waweza kungoja chini ya macho ya daktari, huenda kwa dawa ya kupuliza puani. Mwenye moyo uliokwisha kuguswa hangoji.

Wakati wa kungoja, mzazi asimpe mtoto akoromaye dawa ya kikohozi inayolevya usingizi, hasa yenye kodeini, kwani hupunguza pumzi iliyokwisha kupungua. Mafindofindo yenye homa na usaha nayo yatibiwe mpaka dawa iishe, hata kama mtoto hakoromi, maana aina moja ya vijidudu vyake huleta homa ya viungo inayoharibu milango ya moyo. Huo ni ugonjwa mwingine wa moyo uanzao kooni, na huo haurudi nyuma kwa urahisi kama huu.

Kupasuliwa kwenyewe hufanywa mtoto akiwa usingizini kwa dawa, kwa njia ya kinywa, bila kovu la nje. Wadogo wa chini ya miaka mitatu na wale wenye dalili za moyo hulazwa usiku na kuangaliwa pumzi. Nyumbani mtoto hupewa maji mengi na uji uliopoa, wala asishangaze mtu utando mweupe uonekanao kooni, kwani ndiyo kigaga cha jeraha. Kigaga hicho hubanduka kati ya siku ya 5 na ya 10, na hapo damu huweza kutoka. Mtoto anayemeza mara kwa mara usingizini au kutema damu arudishwe hospitalini saa ile ile, hata kama ni usiku wa manane. Yule aliyekuwa na uvimbe wa miguu haachishwi dawa zake za moyo siku ya kutoka wodini. Mishipa ya mapafu hulegea polepole, naye huitwa tena baada ya miezi michache ili moyo wake upigwe picha kwa mara ya pili.